Barua kwa Mwalimu: Nenda Shuleni Siku Ambayo Hujaitwa

Barua za mwezi huu zimetoka Nyalenda, Njoro, Mumias, Naivasha na Webuye. Nne ni za wazazi na walezi wa watoto walio katika shule za umma, na ya tano imeandikwa na msichana mwenyewe. Nimezisoma zaidi ya mara moja, na kila barua nimekuta jambo lile lile: mtu anasubiri shule imwite. Kwetu mzazi akionekana langoni, watoto hunong'onezana, "Ni wa nani? Amefanya nini?" Ama mtoto amekosa, ama kuna pesa zinadaiwa. Nilifundisha miaka 31, na nakwambieni kutoka moyoni kwamba wazazi waliowafaa watoto wao zaidi ni wale waliofika siku ambayo hatukuwa tumewaita.

*Mwalimu, hujambo. Kijana wangu yuko Gredi ya Tisa. Wameambiwa wachague mkondo wa masomo ya sekondari pevu. Yeye anataka muziki, anapiga kinanda na ngoma kanisani. Baba yake anasema ni sayansi, la sivyo aende nyumbani akachunge ng'ombe. Mimi nauza omena soko la Kibuye, niliacha shule darasa la saba, na haya mambo ya mikondo siyaelewi. Nani anafaa kuchagua?*
*Mama wa Gredi ya Tisa, Nyalenda, Kisumu*

Sijambo, mama. Darasa la saba lisikutie aibu hata kidogo. Mimi mwenyewe nilistaafu kabla sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, haijaanza mwezi wa Januari 2023, ikabidi niende kuketi na wenzangu walio darasani wanifundishe upya.

Mikondo ni mitatu. Kuna STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kuna Sayansi za Jamii, ambamo zimo lugha, historia, jiografia, dini na biashara. Na kuna Sanaa na Sayansi ya Michezo, ndiko uliko muziki wa kijana wako. Mkondo wowote atakaofuata, Kiingereza hakiepukiki, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya vile vile, pamoja na mafunzo ya huduma kwa jamii. Hisabati nayo ni ya lazima kwa wote tangu serikali ilipobadilisha msimamo mwaka wa 2025: wa STEM wanafanya ile nzito, wengine wanafanya iliyo nyepesi kidogo. Juu ya hayo anachagua masomo matatu. Mwambie baba yake hilo la Hisabati kwanza, kabla ya jingine lolote, kwa sababu wababa wengi wanaopinga muziki wanadhani mtoto ataagana na hesabu moja kwa moja.

Sasa sikiliza hili, maana wazazi wengi hulijua likiwa limepita. Nafasi ya Gredi ya Kumi, ambako sekondari pevu inaanzia, haitegemei mtihani wa mwisho peke yake. Ule wa KJSEA anaoufanya mwisho wa Gredi ya Tisa una asilimia 60. KPSEA aliyoifanya Gredi ya Sita ina asilimia 20, na asilimia 20 nyingine inatokana na kazi za upimaji alizofanyia shuleni Gredi ya Saba na ya Nane. Kwa hivyo asilimia 40 ya kijana wako iko tayari imeandikwa mahali. Umeiona? Kama hujaiona, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza. Nenda asubuhi moja kabla hujafungua kibanda, muulize mwalimu wa darasa akuonyeshe alivyopimwa katika kila somo kwa miaka hiyo yote. Usitafute jumla ya alama wala nafasi aliyoshika darasani, siku hizi hazipo. Kila somo lina ngazi nane, ya juu kabisa ni EE1 na ya chini kabisa ni BE2. Tazama somo la Sanaa na Michezo, kisha tazama Sayansi Unganishi, kisha Hisabati. Halafu muulize mwalimu swali moja: kijana huyu anafanya nini vizuri bila kusukumwa? Mwalimu anayemjua mtoto hujibu swali hilo papo hapo. Asiyemjua atababaika, na hapo utajua umuulize mwingine, labda mwalimu wa muziki au wa kwaya.

Umeuliza nani achague. Achague kijana, mbele yenu wawili, karatasi za miaka mitatu zikiwa mezani. Ikiwa sanaa yake ni ya juu na sayansi yake inachechemea, kumlazimisha STEM ni kumtuma sokoni bila kapu. Ikiwa zote mbili ni nzuri, hapo baba yake ana hoja ya kusikilizwa, kwani shule zinazofundisha mkondo wa sanaa ni chache kuliko zile za STEM, ambayo iko kila shule. Hili la uchache liangalieni kwa makini. Msije mkachagua muziki halafu mkakuta shule iliyo karibu nanyi haina hata mwalimu wa somo hilo.

Na sasa pesa, mama, kwa sababu najua unahesabu. Kundi la kwanza la kuchagua sekondari pevu, la mwaka wa 2025, kila mtoto alichagua shule 12: tisa za bweni na tatu za kutwa. Niliona nyumba baada ya nyumba wakipigana juu ya zile tisa, na zile tatu za kutwa wakaziandika mbio mbio kama watu wanaojaza fomu ya hospitali. Januari ikafika, mtoto amepata bweni, na mzazi hana pa kuanzia. Kwa mtoto wa shule ya kutwa, serikali imepanga shilingi 22,244 kwa mwaka, na mzazi anabaki na sare, chakula cha mchana na vitu vidogo vidogo. Bweni katika shule za daraja la juu, mzazi peke yake anadaiwa hadi 53,554. Basi zile tatu za kutwa zichagueni kama watu ambao hakika mtaenda huko. Jumamosi moja mtembee na kijana mpaka langoni kwa kila moja, mkihesabu dakika. Aulizwe bawabu kama kuna kwaya, kama kuna bendi. Mabawabu wanajua mengi.

Baba yake naye asiachwe nje. Mwombe Jumapili moja aketi kanisani viti vya mbele, karibu na kinanda, asikie. Asiambiwe kitu.

*Mwalimu, binti yangu ana miaka kumi, yuko Gredi ya Nne. Ripoti zote zinasema ni mvivu, hamalizi kazi. Nyumbani ni mwerevu, anajua kuhesabu pesa za duka kuniliko. Muhula huu mwalimu mpya amesema tumpeleke kituo cha EARC akapimwe. Mke wangu amelia siku mbili. Tunaogopa watamtoa shule wampeleke ya walemavu, na majirani watasema. Tukatae?*
*Baba, Njoro*

Msikatae, baba. Huyo mwalimu mpya mshukuruni. Amefanya jambo ambalo mimi nilichelewa kulifanya, na nitakusimulia, ingawa kila nikilikumbuka roho huniuma.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja upande wa Ahero. Kulikuwa na msichana aliyeketi dawati la tatu kutoka nyuma. Kazi ya ubaoni ilimshinda kila siku. Alichelewa, aliruka mistari, na mara nyingi makosa yake yalifanana na ya jirani yake kama mapacha. Nikamwita mvivu. Nikasema ananakili. Nikamwandikia hivyo kwenye ripoti, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu mwenyewe. Lakini siku za imla, nikisoma maneno kwa sauti, alikuwa akipata tisa kwa kumi. Jambo hilo lilipaswa kunifungua macho, na halikunifungua, kwa sababu nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini na nilikwisha kumhukumu.

Siku moja jirani yake akawa na malaria, hakuja. Nilipopita kukusanya madaftari nikakuta la yule msichana ni jeupe, isipokuwa tarehe juu ya ukurasa. Na tarehe yenyewe ilikuwa ya jana. Nilisimama pale na lile daftari mkononi. Alikuwa ameitoa kwenye ukurasa wake uliotangulia, kwani ile ya ubaoni hakuiona. Nikamwita mbele, nikamwambia asome. Akatembea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, kisha akasoma mstari mzima bila kukwama hata mara moja, akihama hatua kwa hatua kufuata maneno.

Macho tu, baba. Mwaka mzima nilimwita mvivu.

Sijui la binti yako ni macho, ni masikio, au ni namna kichwa chake kinavyozipanga herufi. Hilo ndilo watakalolitafuta EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto katika kujifunza. Vituo hivi vilianza nchini mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na mara nyingi utavikuta ndani ya ua wa shule ya msingi ya umma au karibu na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mwalimu mkuu atawaandikia barua na kuwaelekeza kilicho karibu nanyi. Chukueni barua hiyo, cheti cha kuzaliwa, ripoti zake, na madaftari mawili au matatu aliyoandikia, hasa yale yenye kazi mbaya. Wazazi hubeba daftari safi kwa sababu ya aibu. Beba lile baya. Mtoto aambiwe ukweli kwamba anaenda kupimwa anavyoona, anavyosikia na anavyojifunza, wala hakuna sindano.

Kuhusu hofu yenu: sera ya elimu ya watu wenye ulemavu ya mwaka wa 2018 inataka mtoto asome pamoja na wenzake katika shule ya kawaida pale inapowezekana. Wengi hurudi darasani kwao na barua inayosema aketi mbele, apewe maandishi makubwa, avae miwani, au mwalimu amsomee maswali. Wako wanaohitaji zaidi ya hayo, na kwa hao zipo shule kama Ngala hapo Nakuru kwa wasiosikia, Kibos kwa wasioona na Joyland kwa wenye ulemavu wa viungo, zote mbili za Kisumu. Nimewajua watoto waliotoka katika shule za namna hiyo wakawa walimu. Kama binti yako atakuwa mmoja wao, haitakuwa adhabu. Hata hivyo, mtoto anayehesabu pesa za duka kukuliko, mimi ningeanza na macho.

Karatasi ya EARC itunzeni kama hati ya shamba. Akifika mitihani ya taifa, ndiyo itakayomwezesha kuombewa dakika 30 za nyongeza au karatasi yenye maandishi makubwa, na maombi hayo hupelekwa mapema, wakati wa usajili. Majirani watasema, ndiyo. Watasema wiki mbili.

*Mwalimu, mjukuu wangu yuko Gredi ya Tano, mama yake aliniachia akiwa mchanga akafariki Nairobi. Hana cheti cha kuzaliwa. Shule wanasema mwaka ujao hatasajiliwa mtihani. Mimi ni mzee, mguu unauma, nianzie wapi?*
*Nyanya, Mumias*

Shikamoo, nyanya. Pole kwa binti yako.

Anzia kwa mzee wa kijiji, asubuhi, akupeleke kwa chifu msaidizi. Hao ndio watakaothibitisha kwa maandishi kwamba mtoto ni wa kwako na wanamjua. Kuzaliwa kukipita miezi sita bila kuandikishwa, usajili unaitwa wa kuchelewa na unataka ushahidi zaidi: kadi ya kliniki ya chanjo kama ipo, kadi ya ubatizo, barua ya shule, kitambulisho cha marehemu mama au nambari yake, na cheti cha kifo. Kama cheti cha kifo nacho hakipo, msianze na cha mtoto. Anzeni hapo. Kijana yeyote wa ukoo anayejua simu akusaidie kujaza maombi ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wewe uketi nyumbani upumzishe mguu, uende ofisi ya usajili wanapokuhitaji ana kwa ana tu.

Shule nayo isikae kando. Mwalimu mkuu ana sababu yake ya kukusaidia: mgao wa serikali, shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, hufuata watoto waliosajiliwa katika mfumo wa wizara, na mfumo ule unadai cheti. Mjukuu wako anakalia dawati ambalo shule hailipiwi. Mwombe akuandikie barua ya kuthibitisha mtoto yuko hapo tangu mwaka gani. Na kwa sababu ya cheti kukosekana, mtoto asifukuzwe darasani hata siku moja. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa elimu ya msingi bila malipo na ya lazima, na hakikusema mwenye cheti.

Mko Gredi ya Tano. Mna muda. Lakini anzeni wiki hii, kwani nimeona vyeti vya aina hii vikichukua miezi.

*Mwalimu, shule ya umma wanatoza 300 kila mwezi za "motisha" ya walimu Gredi ya Tatu. Asiyelipa anasimamishwa nje. Ni halali?*
*Mzazi, Naivasha*

Kumsimamisha nje si halali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza kumtoza mtoto ada ya mafunzo katika shule ya umma. Malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata hapo mtoto hawezi kunyimwa darasa kwa kutolipa. Omba kuona idhini hiyo na upewe risiti kila unapolipa. Nenda na wazazi wengine watatu au wanne, mkaongee kwa heshima na mwenyekiti wa halmashauri ya shule kwanza, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Usiende peke yako, mtoto wako asije akaonewa.

*Mwalimu nina miaka 16. Nilijifungua mwezi wa tatu nikiwa Gredi ya Tisa. Mama anasema nisubiri mtoto atembee. Wenzangu watafanya mtihani mimi nikiwa nyumbani. Naona aibu kurudi lakini napenda shule. Wataniruhusu?*
*Msichana, Webuye*

Binti yangu, watakuruhusu, na wewe huendi kuomba msamaha. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kuwarudisha wanafunzi shuleni mwaka wa 2020, na unawataka walimu wakuu wampokee msichana aliyejifungua, katika shule ile ile, au wamsaidie kupata nyingine ikiwa ya kwanza inamtia uchungu. Ukipenda kuhama, sema. Hakuna atakayekuona mkaidi.

Mama yako anakupenda na anamwonea huruma mtoto, lakini kusubiri mpaka atembee kuna hatari yake. Nimewafundisha wasichana waliorudi upesi na nimewajua walioambiwa wasubiri kidogo. Wale wa kusubiri, wengi sikuwaona tena darasani. Kisha, una alama za KPSEA na za Gredi ya Saba na ya Nane ambazo tayari ni zako, asilimia 40, umezifanyia kazi kabla ya haya yote. Muulizeni mwalimu mkuu kama usajili wako wa KJSEA bado upo. Kama upo na unajisikia na nguvu, rudi ukafanye na wenzako. Kama haupo, rudi hata hivyo, ukae darasani mpaka zamu yako ifike mwaka unaofuata.

Nendeni Jumatatu, wewe na mama, baada ya gwaride kwisha ili usipite mbele ya shule nzima. Ombeni kumwona mwalimu wa ushauri nasaha, mwanamke kama yupo, pamoja na mwalimu mkuu. Ulizeni mambo mawili: nani atakupa kazi ulizokosa tangu mwezi wa tatu, na kama unaweza kutoka saa ya chakula cha mchana kwenda kunyonyesha. Hilo la pili usilionee haya kulisema. Kama nyumbani ni mbali, mtoto aletwe na bibi yake au dada yako mpaka karibu na shule saa hiyo, na mwalimu akuonyeshe chumba chenye mlango unaofungika. Asubuhi kabla ya kutoka kamua maziwa kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko, ukiweke mahali pa baridi, mama atamnyweshea kwa kijiko. Na uchukue kitambaa cha ziada kwenye mkoba, maana siku za kwanza maziwa yatavuja ukiwa darasani, na sare ya shati jeupe haifichi kitu.

Niandikie uniambie Jumatatu ilikwendaje.